Fundi aliyepunguzwa kazini: nirudi chuoni au nirasimishe ujuzi?

Fundi wa Kihonda

Ndugu zangu, habari za jioni. Nina umri wa miaka 41, na kwa miaka 14 nimefanya kazi katika kiwanda cha nguo mkoani Morogoro, nikianza kama kibarua wa kubeba marobota ya pamba hadi kuwa fundi wa mashine za kusokota nyuzi. Tarehe 12 mwezi uliopita tulipunguzwa wengi kwa mpigo. Kazi nilifundishwa na mzee mmoja ambaye sasa amestaafu, kwa hiyo sina cheti isipokuwa cha darasa la saba, na kila ninapopeleka maombi swali la kwanza ni cheti. Je, nijiunge na mafunzo ya bure ya uanagenzi, yaani kujifunza ufundi nikiwa kazini, au ipo njia fupi zaidi? Nina watoto wawili shuleni.

Afisa Mstaafu

Pole sana, ndugu yangu. Uanagenzi chini ya Programu ya Kukuza Ujuzi Nchini umelenga vijana wa miaka 15 hadi 35, hivyo usipoteze nauli kuufuata. Kinachokufaa ni urasimishaji ujuzi, yaani utambuzi wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo, unaotekelezwa na VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi. Hutafundishwa upya kazi unayoijua: mtathmini atakuhoji, atakutazama ukifanya kazi kwa mikono yako, atabainisha mapengo, kisha utafundishwa hayo tu kabla ya kupewa cheti. Ufadhili wa serikali huja kwa awamu, kwa hiyo fika chuo cha VETA hapo Kihonda uandikishe jina mapema. Wala usiende kama mwomba hisani. Waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, iliyoshushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara mwaka 2023, na jasho lako lilikuwa ndani ya hesabu hiyo.

Karani wa Zamani

Afisa amesema vema kuhusu cheti, ila mimi ningeanza na unga wa watoto. Kama umechangia NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, kwa miezi isiyopungua 18 na hukuacha kazi kwa hiari yako, unaweza kudai fao la upotevu wa ajira, ambalo ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Aidha, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa aliyepunguzwa kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotumikia, kwa ukomo wa miaka 10, maana yake wewe una siku 70. Dai pia cheti cha utumishi, kwa kuwa ni haki yako na mtathmini wa VETA atapenda kukiona. Barua yako ya kuachishwa inasemaje?

Fundi wa Kihonda

Asanteni sana. Nimeisoma tena usiku huu, na imeandikwa kwamba nimeondoka "kwa hiari na kwa makubaliano". Tulitia saini tukiwa kwenye foleni ya kupokea mshahara wa mwisho, na hakuna aliyetusomea.

Karani wa Zamani

Basi hapo ndipo penye tatizo lako, si kwenye cheti. Maneno hayo mawili yanaweza kukunyima fao na kiinua mgongo kwa pamoja. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na ukichelewa utalazimika kwanza kuomba kuongezewa muda kwa sababu za msingi. Hesabu siku zako leo hii, kisha mwende na wenzako mliotia saini pamoja.

Mchomeleaji

Nilirasimisha ujuzi wangu wa kuchomelea miaka michache iliyopita, na nakiri kwamba cheti peke yake hakikuniletea kazi. Kilichobadilika ni kwamba maombi yangu hayakurudishwa tena mlangoni. Kinachonisikitisha ni kuwa dirisha la fao na dirisha la mafunzo havijuani: hakuna aliyeniambia, nilipokuwa nafuatilia mafao, kwamba ile miezi sita ilikuwa nafasi nzuri ya kutathminiwa. Jiandikishe pia katika huduma ya ajira ya serikali, TaESA, lakini uelewe kwamba wao huunganisha tu, hawana kazi za kugawa.

Fundi wa Kihonda

Nimehesabu: leo ni siku ya 26. Kesho asubuhi tunakwenda Tume tukiwa saba, na tukitoka huko nitapita Kihonda kuandikisha jina.