Picha ya Babu Nevi

Kikundi: UKOO WA KUZE

Ijumaa

[20:14] Mama Likoni: Assalam aleikum jamaa. Leo nimefungua kasha la marehemu Baba, lile la misumari ya shaba. Mchwa wameshakula upande mmoja wa chini lakini hii imesalimika, ilikuwa imefungwa kwa kitambaa cha kanga. Tazameni 👇

[20:14] Mama Likoni: (picha)

[20:16] Ami Kuze: Wa alaikum salaam. Subhanallah. Huyo Baba mwenyewe! Masikio hayo hayana wa kuyakana.

[20:17] Swaleh: Kumbe ndiko yalikotoka. Nimeteseka nayo shule nzima.

[20:19] Hazina wa Kikundi: Jamaa kabla hatujasahau, mchango wa gesi ya harusi, waliotoa ni tisa tu mpaka sasa

[20:19] Mama Likoni: Hazina, leo tupumzishe mwanangu.

[20:22] Swaleh: Mbona kofia imeandikwa H.M.S. basi? H.M.S. nini? Manowari gani?

[20:27] Dada Unguja: Wakati wa vita majina ya manowari yaliondolewa kwenye utepe wa kofia, zikabaki herufi hizo tatu peke yake, yaani "meli ya Mfalme". Baharia akipiga picha studio au akiketi mkahawani, asiwe tangazo kwamba meli fulani iko bandarini. Kwa hiyo kwa kofia hiyo hutapata jina, usijisumbue.

[20:28] Mama Likoni: Na hii ilikuwa pamoja nayo (picha)

[20:30] Swaleh: Simba amesimama juu ya… joka? Lina vichwa viwili?

[20:33] Dada Unguja: Ndiyo, nishani ya vita ya 1939–1945. Upande wa pili ni King George wa Sita. Walipewa wanajeshi wengi mno. Msiangalie ukingoni, zile walizotoa Waingereza hazikuchongwa jina la mtu.

[20:34] Swaleh: Kofia haina jina la meli, nishani haina jina la mtu. Babu alifanya kazi na watu wasiri.

[20:41] Ami Kuze: Alikuwa Nevi, jeshi la majini. Si Keya, askari wa nchi kavu wa Mwingereza, na wala si kuli wa bandarini kama anavyosema mtu mmoja humu kila tukikutana. Mombasa ilikuwa na nevi yake ya kujitolea tangu 1933. Tanganyika na Unguja wakaja na zao baadaye, vita vilipopamba zikaunganishwa 1942. Maafisa wazungu, mabaharia watu wetu.

[20:43] Mama Likoni: Mtu mmoja ni mimi. Nilisema ALIANZIA kuli.

[20:44] Ami Kuze: Sawa dadangu.

[20:52] Dada Unguja: Na mwaka huo ndio Mombasa ilipojaa. Wajapani walipiga Colombo, kule Ceylon (Sri Lanka ya leo), tarehe 5 Aprili 1942, siku nne baadaye Trincomalee, Waingereza wakaona huko hapakaliki. Manowari zikaletwa Kilindini. Hata wale wafumbuzi wa nambari za siri za Wajapani waliletwa Mombasa, wakapewa shule ya Allidina Visram.

[20:53] Swaleh: ALLIDINA??

[20:53] Swaleh: Nimesoma pale miaka minne. Tuliambiwa habari za Vasco da Gama mpaka tukachoka, hili hakuna aliyetwambia.

[20:55] Mama Likoni: Kazi yake hasa ilikuwa nini? Mimi alinambia "kufagia" tu, nikadhani deki.

[21:09] Ami Kuze: Kufagia mabomu. Alinieleza mara moja, tukiwa ngalawani tumekosa upepo, hana pa kunikimbilia. Bomu la baharini halielei juu ovyo, limefungwa kwa waya na chuma kizito chini, linakaa ndani ya maji linangoja meli. Basi wao wana kimeli kidogo, kinavuta waya mrefu nyuma. Mwisho wa waya pana boya la kuupanua uende kando, na njiani pana makasi. Waya ukikutana na waya wa bomu, makasi yanakata, bomu linaibuka. Likiibuka wanalipiga bunduki kwa mbali. Hiyo ndiyo kazi. Kila msafara ukitaka kutoka, wao wametangulia alfajiri.

[21:10] Swaleh: Alipata mangapi?

[21:12] Ami Kuze: Alisema walivua madema ya watu, mitego ya samaki. Wavuvi wa Mtongwe walikuwa wakiwangoja ufukweni na magongo. 😂

[21:13] Mama Likoni: Hapo ndipo namtambua Baba.

[21:31] Rukia (naandika kwa niaba ya Bibi): Bibi anawasalimu. Anasema picha ameiona, imepigwa kwa Mhindi wa Makadara, na koti si lake, aliazima. Anauliza: na babangu mimi, ndani ya kasha hamkukuta chake?

[21:33] Mama Likoni: Hatukukuta Bi Mkubwa. Nimetoa mpaka karatasi za chini.

[21:34] Swaleh: Babake Bibi si ndiye aliyekufa Bama (Burma), vitani?

[21:40] Kassim Nairobi: Nimekuwa nikisoma kimya. Bibi naomba radhi nikisema hapa, nilitaka nije nikwambie uso kwa uso. Hakufika Bama.

[21:41] Ami Kuze: Kassim.

[21:41] Kassim Nairobi: Ami, Bibi ana miaka themanini na nne. Atangoja nini?

[21:48] Kassim Nairobi: Alikuwa kikosi cha mizinga, 301, cha Afrika Mashariki. Karibu watu elfu moja. Waliondoka Kilindini mwanzoni mwa Februari 1944, meli tano za askari, kwenda Colombo. Meli yao ni Khedive Ismail. Jumamosi tarehe 12, mchana, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani iitwayo I-27 ikaipiga topido mbili. Watu wengi walikuwa ndani wakisikiliza muziki. Haikumaliza dakika tatu juu ya maji. Ilichukua watu 1,511, waliotoka hai 214. Walikuwemo mabaharia, manesi wa Kiingereza, lakini wengi ni hawa wa mizinga, watu wetu wa Kenya, Uganda, Tanganyika.

[21:50] Dada Unguja: Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

[21:51] Ami Kuze: Aliyezama majini ni shahidi, Mtume wetu (s.a.w.) amesema. Dada, babako ni shahidi.

[21:53] Kassim Nairobi: (Ujumbe huu umefutwa)

[21:54] Ami Kuze: Umefanya vyema kufuta.

[22:02] Rukia (Bibi): Bibi anasema nimeshamsomea. Ule kwamba nyambizi ilijificha chini ya watu waliokuwa wakielea, na manowari za Waingereza wenyewe zikatupa mabomu palepale.

[22:03] Mama Likoni: Ya Rabbi. Rukia!

[22:04] Rukia (Bibi): Ameniambia nisome yote. Yeye ndiye amenishikia simu.

[22:06] Swaleh: Ni kweli Kassim?

[22:09] Kassim Nairobi: Ni kweli. Manowari mbili, Petard na Paladin. Nyambizi ikiachwa, zile meli nyingine nne zenye watu zilikuwa mbele yake. Ikalazimika kuibuka, wakaizamisha. Petard ilipiga topido mpaka ya saba ndipo ikaipata. Mimi nimeshindwa kuamua kama yule kapteni nimlaumu.

[22:10] Dada Unguja: Usiamue.

[22:26] Rukia (Bibi): Hii naandika kama anavyosema, msinikatize.

Mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa. Haya ni ya mamangu. Ilikuwa kaskazi, na Maulidi ya Mfungo Sita yalikuwa bado. Karatasi ya kwanza iliyokuja haikusema amekufa, ilisema haonekani. Mama akawauliza wazee, mtu asiyeonekana baharini anakaliwa eda? Mmoja akasema kaa, mmoja akasema ngoja. Mama akangoja. Asubuhi anajipamba kama mtu anayetarajia mumewe, wanawake wa mtaa wanamtazama vibaya. Ilipokuja karatasi ya pili ndipo akavua bangili, akahesabu miezi minne na siku kumi kuanzia siku hiyo.

[22:35] Rukia (Bibi): Ami yangu, huyo wa kwenye picha, alikuwa akija kila Ijumaa na samaki. Haingii ndani. Anakaa barazani, anamaliza kahawa, anaondoka. Mama alimuuliza siku moja, wewe uko Nevi, wewe utakuwa unajua. Akamjibu, shemeji, sisi tulifagia njia asubuhi ile, ilikuwa safi. Basi. Hakuongeza.

[22:37] Rukia (Bibi): Mama hakujua njia gani. Mimi mpaka leo sikuwa najua njia gani.

[22:38] Mama Likoni: 😭

[22:44] Mama Likoni: Jamaa mnakumbuka Baba alivyokuwa mkali na ufagio? Mtu akisafiri tu, hata ni mtu wa kwenda Lamu kwa basi, nyumba haifagiwi mpaka habari ije kwamba amefika. Siku moja nilifagia ukumbi kaka yenu anakwenda Jeddah. Alinipokonya ufagio akautupa barazani, na Baba hakuwa mtu wa kupokonya.

[22:45] Ami Kuze: Sisi tulidhani ni miko ya kizamani.

[22:46] Swaleh: Mimi nilidhani Mama ni mvivu.

[22:46] Mama Likoni: Wewe nitakushughulikia.

[22:58] Kassim Nairobi: Bibi, jina lake liko hapa Nairobi, kwenye mnara wa makaburi ya vita, barabara ya Ngong. Wanaandikwa wasiokuwa na kaburi. Nimelitafuta katika orodha ya tume inayoyatunza, lipo, ila wameliandika kwa sikio la mzungu. Kesho sina kazi, nitakwenda.

[22:59] Rukia (Bibi): Anasema nenda. Na udhu.

[23:05] Hazina wa Kikundi: Samahani jamaa. Nilikuwa nauliza, tusome khitma? Nafungua orodha nyingine, ile ya gesi ingoje.

[23:06] Ami Kuze: Fungua. Tarehe 12 Februari ikifika. Niandike mimi mchele.

[23:06] Mama Likoni: Mimi nyama nusu.

[23:07] Swaleh: Halwa.

Jumamosi

[10:41] Kassim Nairobi: Nimefika. Walinzi wameniuliza nani, nikasema babake bibi yangu, wakanifungulia daftari niandike jina. Nyasi zimekatwa vizuri kuliko uwanja wa mpira wa kwetu.

[10:52] Kassim Nairobi: Nimeliona. Wamemgeuzia herufi, badala ya L wametia R. Lakini ni yeye, nambari ya kikosi inalingana na ya ile karatasi ya Bibi.

[10:53] Kassim Nairobi: (picha)

[10:55] Ami Kuze: Allah amrehemu. Nimesoma Fatiha, nanyi someni.

[10:56] Dada Unguja: Amin.

[10:56] Swaleh: Amin

[11:10] Rukia (Bibi): Bibi anauliza pana kivuli hapo?

[11:12] Kassim Nairobi: Pana miti Bibi. Mchana jua linafika kwenye jiwe, jioni pana kivuli.

[11:19] Rukia (Bibi): Anasema piga nyingine, na usimame kando. Unamziba babake.