Programu ya kidijitali ya utulivu kwa walimu wa msingi: ipangwe vipi ili isiachwe wiki ya tatu?

Mratibu_Elimu

Habari wakuu. Naandaa programu ya wiki 8 ya kuwapunguzia walimu wa shule za msingi msongo wa kazi kwa mazoezi ya utulivu: kupumua kwa makini, kulegeza mwili, kuitambua hasira kabla haijawa matusi au kiboko. Walengwa ni walimu wa shule za serikali katika halmashauri moja ya Mkoa wa Morogoro. Madarasa mengi yana watoto zaidi ya 80. Rasimu iliyopo ina programu ya simu za Android, sauti ya dakika 20 kila siku, video moja kwa wiki, kundi la WhatsApp kwa kila shule, na dodoso la msongo mwanzoni na mwishoni. Bajeti inatosha kurekodi sauti na kumlipa msimamizi mmoja.

Naomba ushauri kwenye mambo matatu. Dakika 20 zinafaa? Nijenge programu ya simu au kuna njia nyingine? Na nitajuaje kwamba imesaidia kweli, si walimu kunijibu kwa adabu tu?

Nasaha_Shuleni

Dakika 20 zitakuangusha. Mazoezi marefu ya kila siku yalianzia kwenye programu ya wiki 8 ya Jon Kabat-Zinn, aliyoianzisha mwaka 1979 katika Chuo cha Tiba cha Massachusetts, Marekani. Ilikuwa ya wagonjwa wenye maumivu sugu, na ilidai kikao cha saa mbili na nusu kila wiki pamoja na dakika 45 za mazoezi ya nyumbani. Mtu aliyeumwa mgongo miaka mingi atautafuta muda huo. Mwalimu mwenye madaftari 80 ya kusahihisha, zamu ya wiki na watoto wanaosubiri chakula hana pa kuutoa. Akikosa siku tatu mfululizo anajiona ameshindwa, anaacha kimya kimya.

Gawa hivi: dakika 3 kabla ya kengele ya asubuhi, pumzi sita kati ya kipindi na kipindi, dakika 6 jioni. Ukivuta kwa hesabu ya nne na kutoa kwa hesabu ya sita, pumzi sita ni dakika moja. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, maana mapigo ya moyo hupungua mtu anapotoa hewa. Msimulizi akisema "vuta pumzi ndefu kabisa", watu hujaza kifua kwa nguvu, wanahema kupita kiasi, halafu wanapata kizunguzungu na ganzi ya vidole, na hapo ndipo wengine wanakata shauri kwamba mambo haya si yao. Sema "vuta polepole, kidogo tu, kwa pua". Usiwaambie wabane pumzi.

Nguvu yako kubwa iweke wiki ya tatu: hasira darasani. Mwalimu akiona dalili zake, iwe taya kukaza, uso kupata joto au sauti kupanda, anakanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, anageukia ubao, anaandika tarehe polepole huku akitoa pumzi moja ndefu. Kisha anageuka na kumwita mtoto kwa jina kabla ya kutoa agizo. Haizidi sekunde 15. Zoezi hili wafanye darasa likiwa limetulia, mara tano kwa siku, kwa sababu jambo ambalo mwili haujalizoea halikumbukwi wakati wa ghadhabu.

Zoezi la kuupitia mwili kiungo kwa kiungo liache hadi wiki ya tano. Mtu aliyepitia kipigo, ajali au msiba mzito anaweza kushikwa na hofu kali akifumba macho na kuelekeza akili mwilini. Willoughby Britton wa Chuo Kikuu cha Brown amefanya utafiti mwingi juu ya madhara ya aina hiyo. Kila sauti ianze kwa kusema: macho wazi ni sawa, acha wakati wowote, ukizidiwa taja vitu vitano unavyoviona. Na namba ya mshauri halisi, anayepokea simu, iwepo kabla hujatuma ujumbe wa kwanza.

Filimbi, vikengele na maneno ya Kisanskriti visiwepo kabisa. Mwislamu na Mkristo watauliza hii ni ibada ya nani, na wana haki ya kuuliza. Sauti tupu ya mtu anayeongea kawaida inatosha.

Fundi_Mifumo

Programu ya Android iache. Matoleo ya Android yanatofautiana, simu nyingi zimejaa, watu wataifuta wapate nafasi ya picha, na kila hitilafu itamwangukia msimamizi wako mmoja. Video nayo itoe, inakula bando bure.

Sauti zitume kwa WhatsApp. Rekodi mono (mkondo mmoja wa sauti), hifadhi MP3 ya kbps 32: ni kama KB 240 kwa dakika, kwa hiyo zoezi la dakika 6 ni MB 1.4 hivi. Faili hilo hilo kwa kbps 128 linafika karibu MB 5.8, na kwa mtu mmoja anayeongea kupitia spika ya simu tofauti ni ndogo mno. Ubora unapatikana kwenye kurekodi: chumba chenye mapazia na godoro, feni imezimwa, simu sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, imekaa upande kidogo ili pumzi isiipige maiki.

Badala ya kundi tumia orodha ya matangazo ya WhatsApp. Kila mwalimu anapata ujumbe peke yake na jibu lake linakuja kwako tu. Kwenye kundi ambalo mwalimu mkuu yumo, hakuna atakayeandika "nimechoka". Kuna mtego: asiyehifadhi namba yako hapati ujumbe, na orodha moja inabeba watu 256 tu. Siku ya uzinduzi wahifadhi namba hapo hapo, utume ujumbe wa majaribio, na usimwachie mtu aondoke kabla hajaupata.

Wenye simu za kitochi wabipu namba, mfumo uwapigie na kuwachezea sauti, gharama iwe ya mradi. Vikumbusho vyao viwe SMS. SMS moja ni herufi 160, lakini ukinakili kutoka Word, alama ya ng' hugeuka kuwa iliyopinda, ambayo haimo kwenye herufi za kawaida za SMS. Ujumbe mzima unahamia mfumo mwingine wenye kikomo cha herufi 70. Ujumbe wa herufi 150 utatozwa kama SMS tatu. Weka alama iliyonyooka, au chagua maneno yasiyo na ng'.

Saa achague mwalimu mwenyewe siku ya kujiandikisha. Asipochagua, tuma saa 12:45 asubuhi na saa 2:30 usiku. Saa za vipindi usitume chochote.

Mpima_Matokeo

Kwa msongo tumia dodoso la maswali 10 la mwanasaikolojia Sheldon Cohen, alama 0 hadi 40. Maswali ya 4, 5, 7 na 8 yanauliza mazuri, hivyo alama zake hugeuzwa: 0 inakuwa 4, 1 inakuwa 3. Usipogeuza, yatavuta upande wa pili na utadhani hakuna kilichobadilika. Kwa uchovu wa kazi, dodoso la Copenhagen lina maswali 19 na ni la bure. Lile la Maslach linahitaji leseni ya kulipia. Wasomee walimu 8 hadi 10 tafsiri ya Kiswahili na umwombe kila mmoja aeleze kwa maneno yake alichoulizwa. Maswali yenye ukanushi ndiyo huwachanganya watu.

Ukitaka kuondoa majibu ya adabu, anayesimamia dodoso asiwe wewe wala mwalimu mkuu, karatasi iwe na namba badala ya jina, na kuwe na shule za kulinganisha zitakazopata programu muhula unaofuata. Kura ya kupanga nani aanze na nani asubiri ipigwe kwa shule, si kwa mwalimu mmoja mmoja, kwa kuwa wanaokaa ofisi moja watashirikiana sauti siku ya kwanza.

Hesabu yake: kuona tofauti ya ukubwa wa kati (nusu ya mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika; uwezekano wa asilimia 80 wa kuiona ikiwa ipo) unahitaji watu 128 kama kila mmoja angepangwa peke yake. Walimu wa shule moja hufanana, hivyo kwa walimu 12 kila shule na kiwango cha mfanano cha 0.05 zidisha kwa 1.55, upate 199. Ukitarajia asilimia 30 waache, andikisha kama 284. Hizo ni shule 24, yaani 12 kila upande.

Usianze Januari ya kuandikisha watoto, wala usimalize karibu na mtihani wa darasa la saba wa Septemba, utapima kalenda. Pima pande zote mbili wiki ile ile. Ukitaka kuchapisha, kibali cha maadili kitangulie.

Tofauti yenyewe usiitarajie kubwa. CARE, programu ya Patricia Jennings iliyojaribiwa kwa walimu 224 wa shule 36 za New York, ilisaidia, lakini ilikuwa saa 30 za ana kwa ana. Utafiti wa MYRIAD wa Uingereza, wa mafunzo ya utulivu shuleni, uliochapishwa 2022 ulikuta uchovu wa walimu umepungua kidogo mwishoni mwa mafunzo, kisha faida ikafifia mwaka mmoja baadaye. Kwa hiyo panga kipimo cha tatu baada ya miezi 6, pamoja na sauti chache za marudio.

Mratibu_Elimu

Nashukuru sana wakuu, programu ya Android nimeifuta kwenye bajeti. Yamebaki mawili. Walimu wakuu wawili wanataka orodha ya wasiosikiliza "ili wawahimize". Na afisa mmoja anauliza kama mafunzo haya yanaweza kuingizwa kwenye MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini).

Mwalimu_wa_Kata

Orodha usitoe, hata kwa mdomo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na mwalimu akijua mkuu wake anaona, atacheza sauti huku akisahihisha madaftari. Andika kwenye barua ya kwanza kwamba shule itapewa wastani wa halmashauri tu.

MEWAKA ni nafasi nzuri kwa zoezi la wiki ya tatu, kwa kuwa linahusu usimamizi wa darasa. Omba dakika 15 ndani ya kikao cha jumuiya ya kujifunza, si baada yake, na isizae fomu mpya ya kujaza. Kisha mwombe kila mwalimu mkuu apunguze mzigo mmoja kwa wiki hizo 8: ujumbe wa kazi usitumwe baada ya saa 1 usiku, au taarifa mbili za wiki ziunganishwe. Bila hilo walimu wataelewa kwamba wanaambiwa tatizo ni vichwa vyao, ilhali darasa la watoto 80 liko pale pale.

Nasaha_Shuleni

Naunga mkono. Nyongeza moja kuhusu wiki ya tatu: aliyekaa kimya siku nne asitumiwe masomo yote yaliyompita. Mtumie hii tu: "Umekosa siku kadhaa? Hakuna deni. Leo vuta pumzi sita kabla ya kipindi cha kwanza. Ukitaka sauti fupi jibu 1. Kuacha kupokea jibu 0." Inaingia kwenye SMS moja. Akijibu 0, mwondoe siku hiyo hiyo na usimuulize sababu.