Mjadala: Je, vituo vya kulelea watoto mchana vilazimishwe kujaza orodha ya hatua za ukuaji?

MWANZISHA MADA

Ndugu wanamjadala, katika kikao cha walezi na wamiliki wa vituo vya kulelea watoto mchana hapa Mbagala, mwenzetu mmoja alipendekeza kwamba kila kituo kijaze orodha ya hatua za ukuaji kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitatu, yaani karatasi inayouliza kama mtoto anakaa, anageukia sauti, anaokota kitu kwa vidole viwili, anatamka neno, na mengine ya aina hiyo. Wengine walikataa palepale, wakisema kwamba sisi si madaktari na kwamba tutawapachika watoto wa watu ulemavu wasio nao. Mimi naunga mkono pendekezo hilo kwa sharti moja: karatasi ijazwe na mlezi anayemlisha na kumbadilisha nepi mtoto huyo kila siku, wala isijazwe na mgeni anayeingia asubuhi na kalamu yake na kuondoka kabla ya uji.

Nasema hivyo kwa sababu ya mtoto mmoja tuliyekuwa naye, wa miezi 16. Alikuwa mchangamfu, uzito wake kwenye kadi ya kliniki ulipanda vizuri, na akionyeshwa kikombe alikuja mbio. Mtu yeyote angejibu "ndiyo" kwenye swali la kugeukia sauti, kwa kuwa dada mlezi wa kituo chetu alipogonga kikombe kwa kijiko kuwaita watoto, naye aligeuka pamoja na wenzake. Dada huyo alisita kuweka alama. Alimwangalia kwa siku tatu, akagundua kwamba mtoto huwatazama kwanza wenzake ndipo anapogeuka. Siku ya nne alisubiri hadi mtoto alipokuwa peke yake mkekani, anapanga vifuniko vya chupa, akasimama nyuma yake na kugonga kikombe. Mtoto aliendelea kupanga vifuniko. Hospitalini alikutwa na majimaji nyuma ya ngoma za masikio yote mawili. Bila swali lile, dada asingeanza kumchunguza. Na bila dada, jibu la karatasi lingekuwa la uongo.

Wanaosema orodha hizi ni za kigeni wana hoja, kwa sababu baadhi huuliza kama mtoto anapanda ngazi au anatumia uma, na mtoto wa chumba kimoja cha kupanga huenda hajawahi kuiona ngazi. Lakini kazi ya kuzirekebisha imeshafanyika karibu nasi. Watafiti wa Kilifi, akiwemo Amina Abubakar, walitengeneza kipimo cha watoto wa miezi 6 hadi 35, na huko Malawi kilitengenezwa kingine baada ya kuwapima watoto zaidi ya 1,400 wa vijijini, kikachapishwa mwaka 2010. Hivyo ni vipimo vya watu waliofunzwa kupima, na sipendekezi tuvigawe vituoni kama vilivyo. Navitaja kwa sababu vinaonyesha kwamba maswali yanaweza kutokana na vitu ambavyo watoto wetu wanavishika.

MZAZI

Ndugu mwanzisha mada, nimekuelewa, ila na mimi nisikilizwe. Mwanangu alizaliwa njiti, miezi miwili kabla ya wakati. Alipofikisha miezi 14, kituo alichokuwa akilelewa kiliweka karatasi kwenye mkoba wake, imeandikwa "amechelewa kutembea". Mama mkwe aliisoma kabla yangu, na tangu jioni ile nyumba haikuwa na amani, kwani kila mgeni alipewa habari na kila mgeni alikuwa na dawa. Mtoto alitembea alipofika miezi 16. Mimi sitaki karatasi ya namna hiyo tena.

MWANZISHA MADA

Pole sana, mama. Kituo kile kilikosea zaidi ya mara moja. Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wenye afya wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2006 yalionyesha kwamba walianza kutembea peke yao kati ya takriban miezi 8 na miezi 17 na nusu. Isitoshe, mtoto njiti huhesabiwa umri kwa kutoa ile miezi aliyowahi kuzaliwa, hadi atimize miaka miwili, kwa hiyo mwanao alipaswa kupimwa kama mtoto wa miezi 12. Utafiti huohuo ulikuta kwamba takriban watoto 4 kati ya 100 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti, na Marekani ilipopitia upya orodha yake mwaka 2022, kutambaa kuliondolewa.

Kwa hiyo nakubali: karatasi isitoke kituoni, neno "amechelewa" lisiandikwe, na mlezi azungumze na mama ana kwa ana, akianza kwa kumuuliza mtoto anafanya nini akiwa nyumbani. Jambo moja tu halisubiri, nalo ni mtoto aliyekuwa akitamka maneno au akitembea kisha akaacha. Huyo apelekwe hospitali mara moja, awe na umri wowote.

MLEZI WA TANDIKA

Nina watoto 14 na msaidizi mmoja. Nitajaza saa ngapi? Na nikishagundua tatizo, nimpeleke wapi?

MWANZISHA MADA

Kuhusu muda, sisi tunamwangalia mtoto mmoja kwa siku, wakati wa kumlisha, na kwa watoto 14 ni kama wiki tatu za kazi. Swali lako la pili ni zito zaidi. Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto mwezi Desemba 2021, nami naona isiwe lazima kwa kituo chochote kujaza orodha kabla hakijaelezwa kwa maandishi ni kliniki ipi itawapokea watoto wake, siku gani, na ni afisa ustawi wa jamii yupi wa kumpigia simu. Walio katika kata zenye utaratibu huo watueleze unavyokwenda, na hasa nani analipa nauli, kwa sababu mama wa yule mtoto wa vifuniko alipanda daladala mbili kila safari, na kila safari genge lake lilishinda limefungwa.