Koplo anavuliwa tepe, kanali anaandikiwa barua

Wakuu, kila mjadala wa nidhamu jeshini ukifunguliwa lazima atokee mtu wa kutuambia kwamba sheria ni moja kwa wote, tatizo ni makamanda wachache wenye upendeleo. Hilo jibu limenichosha. Chukueni jeshi la Marekani, ambalo sheria zake ziko wazi kwa yeyote anayetaka kuzisoma. Upendeleo umeandikwa humohumo ndani ya sheria.

Anzeni na Kifungu cha 15 cha sheria yao ya kijeshi (UCMJ), kile kinachompa kamanda uwezo wa kuadhibu bila mahakama. Askari wa E-4 (ngazi ya mshahara ya koplo) kushuka chini akifikishwa mbele ya kamanda mwenye cheo cha meja au zaidi, anaweza kuteremshwa mpaka E-1, yaani kuruta, kukatwa nusu ya mshahara kwa miezi 2, kupigishwa kazi za ziada siku 45 na kufungiwa kambini. Afisa (luteni usu kwenda juu) kwa kifungu hichohicho? Kushushwa cheo hakuna. Kazi za ziada hakuna. Jenerali akasirike anavyokasirika, mwisho wake ni karipio, nusu mshahara kwa miezi 2, na siku 30 za kukaa ndani ya makazi yake au siku 60 za kutotoka eneo alilopangiwa.

Msione tofauti ni ndogo. Makato ya miezi 2 yanaisha, ila cheo kikishuka mshahara unabaki chini kila mwezi mpaka mtu apande tena. Na ile nusu inapigwa kwenye mshahara wa cheo kipya, kile cha chini. Adhabu inayoumiza kweli ndiyo ambayo afisa haimgusi.

Mahakamani ni hivyohivyo. Kuna ngazi tatu. Ile ya chini kabisa, inayoendeshwa na afisa mmoja tu, hairuhusiwi kumshitaki afisa, lakini askari wa E-4 kushuka inaweza kumfunga siku 30, na Mahakama ya Juu ya nchi ilishaamua mwaka 1976 kwamba katiba haimpi haki ya wakili humo. (Anaweza kuikataa, ndiyo, ila akikataa anajiweka kwenye hatari ya kupelekwa ngazi ya juu yenye adhabu kali zaidi. Uhuru gani huo?) Ngazi ya kati inaweza kumfunga askari hadi mwaka mmoja, afisa haiwezi kumfunga hata siku moja. Kumpeleka afisa jela kunahitaji ngazi ya tatu, yenye gharama, muda mrefu na macho ya waandishi wa habari. Sasa kamanda aliye mezani na faili la luteni kanali atachagua nini? Atamwandikia barua ya karipio. Barua hiyo kisheria hata haihesabiki kuwa adhabu, ni hatua ya kiutawala.

Na hiyo ngazi ya tatu nayo haiwezi kumshusha afisa cheo. Inaweza kumfukuza jeshini kabisa, na hapo anapoteza na pensheni. Kwa upande wa cheo, majaji wanabaki na nyundo kubwa au kumwachia cheo chake, katikati hakuna kitu. Mwaka 2014 Brigedia Jenerali Jeffrey Sinclair alikiri uzinzi na kumtendea vibaya askari aliye chini yake, baada ya mashitaka mazito ya unyanyasaji wa kingono kuondolewa kwa makubaliano. Hukumu: karipio na faini ya dola 20,000. Baadaye jeshi lenyewe, si mahakama, likamstaafisha kama luteni kanali, pensheni mkononi.

Ila mfano unaonichoma zaidi ni Abu Ghraib, gereza la Iraq ambako askari wa Marekani waliwatesa wafungwa. Charles Graner alifungwa miaka 10. Ivan Frederick, 8. Lynndie England, 3. Wote askari wasio maafisa. Kanali Thomas Pappas, mkuu wa brigedi ya upelelezi pale gerezani, alipata karipio na faini ya dola 8,000. Janis Karpinski, aliyekuwa msimamizi wa magereza, alishushwa na Rais kuwa kanali bila kupanda kizimbani. Afisa pekee aliyeshitakiwa, Luteni Kanali Steven Jordan, aliachiwa mashitaka ya unyanyasaji. Akakutwa na hatia ya kukaidi amri ya kutozungumzia uchunguzi. Karipio. Na mwaka 2008 hata hilo likafutwa.

Najua watakuja wa "barua moja inaua kazi ya afisa". Mara nyingi ni kweli, hapandi tena. Lakini kutopanda cheo na kupoteza kila kitu ni mambo mawili. Sajini mwenye miaka 18 ya utumishi akitimuliwa kabla ya kufika 20 ya kustaafu, anaondoka bila pensheni ya kawaida. Kanali wa miaka 25 aliyefanya kosa lilelile anaombwa astaafu kimyakimya.

Mageuzi yalikuja mwishoni mwa 2023: makosa kama ubakaji na mauaji yalitolewa mikononi mwa makamanda, yakapewa waendesha mashitaka wa kijeshi wasioripoti kwao. Vizuri. Ila uzembe kazini, ulevi, kukaidi amri, yaani yale yanayomkuta askari wa kawaida kila wiki, yamebaki kwa kamanda.

Kwa hiyo ndugu aliye huko akiletewa fomu ya Kifungu cha 15 (jeshi la nchi kavu ni DA 2627), asitie alama kwenye kisanduku chochote kabla ya kuonana na wakili wa utetezi wa jeshi, ambaye ni bure. Aombe kusikilizwa wazi, aende na msemaji na mashahidi. Akiadhibiwa, rufaa ni ndani ya siku 5 za kalenda. Zikipita, kamanda anaweza kuikataa kwa sababu hiyo tu. Na adai nakala ya kila karatasi kabla hajatoka chumbani, maana ushahidi alioonyeshwa juujuu ndio huwa haupatikani siku ya rufaa.