Safari ya siku moja Ujiji: tushukie wapi, na kipi cha kuchekesha ambacho ni cha kweli?

KatubukaJr
Wakuu, shikamooni. Tupo wanafunzi 12 hapa Kigoma mjini. Mwalimu wa historia katusomea insha ya mwanafunzi aliyezurura Toledo, Hispania, kwa siku moja, darasa zima likavunjika mbavu. Sasa anataka kila mmoja aandike ya kwake kuhusu Ujiji: ichekeshe, ila ukibuni jambo hata moja unapata sifuri. Tunaenda Jumamosi, asubuhi mpaka jioni. Tupande nini, tushukie wapi, na vichekesho viko wapi? Mie Ujiji naijua kwa dagaa tu.

BintMwanga
Marahaba mdogo wangu. Ujiji ni kama kilomita 8 tu, msijifungashie kama mnaenda Bagamoyo. Daladala zinapita Mwanga kutwa. Watu 12 kupata Hiace moja yenye nafasi zote hizo ni ndoto, gawanyikeni wanne wanne mkutane huko. Mwambieni konda "Livingstone", yaani makumbusho ya Dk. Livingstone, atawashusha barabara kuu. Kuanzia hapo mnateremka kwa miguu Mtaa wa Livingstone kuelekea Ziwa Tanganyika, dakika kumi hivi.

Kinachokwamisha vikundi ni malipo. Makumbusho ni ya serikali, na serikali siku hizi inataka kontroo namba, yaani namba ya kulipia kwa simu. Mkifika na noti mkononi na simu zote hazina kitu, mtaanza kumsaka wakala juani. Mmoja akusanye hela ya wote kwenye simu yake usiku wa kuamkia safari. Kila mtu na kitambulisho cha shule, na mwalimu awape barua yenye muhuri, maana wengine mna ndevu na hamtaaminika.

MzeeWaGungu
Wajukuu, vichekesho vipo tele, hamna haja ya kubuni.

Anzeni na mwembe, pale Stanley, mwandishi wa habari, alipomkuta Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti aliyekuwa akitafutwa. Ule wa 1871 ulikwisha kufa, iliyopo leo ni mizao yake. Atakayeandika "nilishika gome aliloegemea Livingstone" ameshapata sifuri yake.

Halafu tarehe. Stanley anasema walikutana 10 Novemba 1871. Livingstone maradhi yalikuwa yamempotezea hesabu ya siku, na shajara yake inaweka ujio wa mgeni huko Oktoba. Watu wawili wamevuliana kofia, na hawakubaliani ilikuwa lini! Hata yale maneno maarufu, "Daktari Livingstone, nadhani?", yana utata: kurasa za shajara ya Stanley zinazohusu mkutano zilichanwa, na wapo wanahistoria wanaosema aliyatunga baadaye.

Ninachokipenda mimi ni kisa cha mtu aliyeitwa Sherifu. Livingstone anarudi Ujiji kutoka Manyema, upande wa Kongo, hoi, matumaini yake yote ni bidhaa alizotumiwa kutoka pwani. Anakuta Sherifu aliyekabidhiwa ameziuza zote akanunua pembe za ndovu. Utetezi wake? Kwamba alipiga ramli kwa Kurani, ikaonekana mwenye mali ameshafariki. Na marehemu ndiye huyo kasimama mbele yake anadai vitambaa vyake.

Mkiwa kwenye mnara wa ukumbusho wa ule mkutano mtajiuliza ziwa liko wapi. Zamani zile maji yalikuwa juu zaidi. Mwaka 1878 ziwa lilivunja kizuizi cha tope na majani kwenye mdomo wa mto Lukuga, upande wa Kongo, na miaka iliyofuata kina kikashuka mita kadhaa. Ufukwe ndio uliohama, daktari hakuhama.

Ila kucheka kuna mpaka wake. Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara ya pembe na watumwa, zaidi ya kilomita 1,000 hadi Bagamoyo. Chekeni wazungu na kofia zao, hapo kwenye minyororo andikeni kwa adabu.

BahariaKibirizi
Msiishie makumbusho kama watalii wa basi. Teremkeni mpaka ufukweni kwa mafundi wa maboti. Mtazameni anayekalafati: anasokota pamba, anaishindilia kwenye upenyo wa mbao kwa patasi butu na nyundo, gonga gonga mpaka upenyo umejaa. Boti likiingia majini mbao inavimba na kuibana. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha, fundi anayegonga kidole kwa sababu yenu hatacheka.

Chakula ni mgebuka, samaki wa humu ziwani, kwa ugali wa muhogo. Mkitaka dagaa wabichi, angalieni mwezi kwanza. Wavuvi wanawavuta kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawajali taa ya mtu, mtapata wakavu.

Na tafadhali, msivae mashati meupe ya shule. Mgebuka unaogelea kwenye mawese. Tone likidondokea shati, usisugue kwa maji matupu, unalitandaza tu. Kwangua kwa kijiko, paka sabuni ya maji ya vyombo, acha dakika 15, suuza kwa maji ya moto, rudia. Litabaki doa la njano, hiyo ni karotini, rangi ya mawese: anika shati likiwa bichi juani, jua linaifubaza. Usipige pasi kabla halijatoka.

KatubukaJr
Asanteni sana. Swali la mwisho: tunataka kuigiza ule mkutano pale mwembeni. Kofia mbili tunazo. Wataturuhusu?

BintMwanga
Mwombeni mwongozaji, muigize nje baada ya maelezo yake, siyo katikati.

MzeeWaGungu
Na wawili hawatoshi. Kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, wa kwanza kumsalimia hakuwa daktari. Alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, aliyempa habari za asubuhi kwa Kiingereza katikati ya umati, akafuata Chuma, mtumishi mwenzake, na salamu ileile. Tafuteni waigizaji wanne, na Susi apewe mwenye Kiingereza kizuri kuliko wote.