Nimepangiwa menta mhariri na mimi nataka kamera, nibadilishe au nikae naye?

binti_lenzi
Wakuu habari za jioni. Niko mwaka wa mwisho, nasoma filamu na televisheni chuo kimoja hapa Dar, jina naomba niliache. Mwaka huu idara imeanzisha mpango kila mwanafunzi anaunganishwa na mtu anayefanya kazi huko sokoni kabisa, mnakuwa wote mpaka filamu ya kumalizia chuo iishe. Huu mpango tuliusubiri sana maana darasani nadharia tumesoma, historia ya sinema tumesoma, ila mpe mtu apange ratiba ya shuti ya kesho asubuhi uone anavyotoa macho. Sasa mimi tangu naingia chuo ninachotaka ni kamera, halafu nimepangiwa mama mmoja mhariri, anaedit tamthilia za TV. Na kila nikimwandikia WhatsApp jibu ni "sawa mwanangu, endelea" basi. Shuti yetu ni mwezi ujao, filamu ya dakika 12, mimi napiga picha mwenzangu anaongoza. Niende idarani niombe kubadilishiwa? Naomba mnisaidie kwa kweli, hii filamu ndiyo nitakayozunguka nayo kuombea kazi.

taa_za_nairobi
Sasa dada. Mimi niko Nairobi nafanya taa kwa seti. Kitu naweza kuambia ni kwamba hii maneno ya menta hufanya kazi vizuri kama imefungwa kwa filamu, si kwa simu. Huku tulikuwa na One Fine Day, mpango wa mafunzo ya filamu, ile mwongozaji Mjerumani Tom Tykwer na Marie Steinmann walianzisha 2008, walikuwa wanaleta watu wa kazi kufunza kila idara peke yake, kamera na kamera, sauti na sauti, uandishi na uandishi, halafu baada ya mafunzo kunatengenezwa filamu kamili, mwongozaji ni wa huku, krew ni ya huku, wale wageni wako nyuma. Nairobi Half Life ya 2012 ilitoka hapo, David "Tosh" Gitonga akaiongoza, na ndiyo filamu ya kwanza Kenya ilipeleka Oscar kwa kipengele cha lugha ya kigeni. Supa Modo ya Likarion Wainaina pia ilitoka kwa mpango huo huo, 2018 ikaenda tamasha la filamu la Berlin. Sasa angalia, hakuna mtu aliambiwa "huyu ndiye menta wako, mtafutane". Kulikuwa na seti, tarehe, kazi. Kwa hivyo mimi ningeenda idarani niitishe mtu wa kamera, hata kama ni wa siku za shuti tu.

mzee_wa_taimlaini
Mdogo wangu usibadilishe. Nimekaa mbele ya taimlaini miaka mingi na nakuambia kwa moyo mmoja, mpiga picha aliyepita mikononi mwa mhariri watu wanamgombania.

Sisi ndio tunaopokea kadi za kamera, kwahiyo kila mlichosahau kule lokesheni kinatufikia sisi. Watu wawili wanabishana mezani, kapiga waidi, yaani shoti pana, nzuri imependeza, kaingia klozapu ya huyu, ya yule hana, au anayo ila kavuka mstari wa kufikirika kati ya waigizaji, kamera ikahamia upande wa pili, ukiziunganisha wote wanaangalia upande mmoja kama abiria wa daladala wakati wanatakiwa wawe wanatazamana. Mwigizaji ameshaanza kutamka ndiyo kamera inawashwa, neno la mwisho halijatoka mdomoni imezimwa, mimi nakata wapi hapo? Acha irekodi sekunde tano kabla ya kusema ekshen na tano baada ya kusema "cut", haikugharimu kitu. Sauti ya chumba nayo, kabla hamjatoka lokesheni wote mnyamaze dakika moja mrekodi hapo hapo palivyo, feni, barabara kwa mbali, jokofu la jirani, maana bila hiyo kila ninapokata sauti inadumbukia shimoni. Halafu chagueni fremu kwa sekunde mapema, kama ni 25 basi kila kamera iwe 25, si hii moja 25 na simu ya mwenzako 30. Umeme wetu ni 50Hz, shata, yaani muda kamera inaofunguka kwa kila fremu, weka 1/50 ya sekunde, ukienda 1/60 chini ya zile taa za tyubu unaweza kukuta mawimbi yanatembea kwenye picha na huyaoni mpaka umefika kwangu.

Haya yote huyo mama anayajua kuliko kameraman yeyote utakayepewa. Hilo la "endelea" nalo usimchukulie vibaya, mtu anayeedit tamthilia kituo cha TV kinamsubiri, sehemu lazima iruke hewani. Ukimwandikia "shikamoo mama, naomba ushauri kuhusu filamu yangu" unataka akushauri nini? Mpelekee kitu cha kukosoa. Skripti iliyokatwa sini kwa sini, orodha ya shoti, na swali moja tu, "mama, sini ya 4 nimepanga shoti hizi, utaweza kuikata au kuna niliyokosa?" Hilo atalijibu hata akiwa kwenye foleni Ubungo. Na omba ukakae nyuma yake siku moja akiwa anaedit, usiguse kitu, angalia tu anachokilalamikia.

kibarua_wa_seti
Namheshimu kaka hapo juu na ya kiufundi yote kweli, ila mimi nilipitia mpango kama huu chuo kingine na hakuna karatasi yoyote iliyoandikwa. Menta wangu muhula mzima alinipa video za harusi za wateja wake nipange mafaili, filamu yangu hakuigusa. Kwahiyo kabla ya kubadilisha au kutobadilisha nenda idarani uulize yaandikwe, mnaonana mara ngapi, anaangalia kitu gani, yeye analipwa au anajitolea, maana mtu asiyepewa hata nauli huwezi kumlaumu akikosa muda, na vyuo vyetu vinalisahau sana hili. Na muulize filamu ni ya nani, yenu au ya chuo, na menta jina lake linakaa wapi mwishoni. Mkishaelewana muisajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, msisubiri ipate tuzo ndiyo muanze kugombana. Mtakaposhuti nje ya chuo ulizeni na kibali cha Bodi ya Filamu mapema, hapo barua ya idara inasaidia sana.

binti_lenzi
Asanteni jamani, kweli. Mzee wa taimlaini nilifanya kama ulivyosema, nikamtumia mama sini ya 4 na orodha ya shoti usiku ule ule. Asubuhi nimekuta voisi ndefu, anasema sini nzima sina shoti hata moja ya mikono na ndiko barua inakopokelewa, pia wawili wakiinuka mezani sina pa kukatia. Na amesema Jumamosi niende ofisini kwake. Idarani nimeomba mtu wa kamera kwa siku za shuti tu, wamesema wataangalia. Swali langu la mwisho, kadi anakaa nazo nani? Tuna hard disk moja tu ya kuazima.

mzee_wa_taimlaini
Safi sana, huyo mama ng'ang'ania. Kadi akae nazo mtu mmoja ambaye kazi yake siku hiyo ni hiyo tu, asiwe wewe wala muongozaji. Disiki moja haitoshi, tafuteni ya pili hata ya kuchangishana, na kompyuta ya idara iwe nakala ya tatu. Disiki mbili zisilale nyumba moja. Kadi haifutwi mpaka mtu mwingine afungue mafaili kwenye disiki zote mbili aone yanacheza mwanzo mpaka mwisho. Jumamosi muulize mama anataka mafaili yaitweje, kila mhariri ana mpangilio wake, na muanze nao siku ya kwanza ya shuti.