PMP: Rita, PMBOK, Study Hall au kozi ya Ramdayal? Naomba ulinganisho kutoka kwa waliokwisha kufanya

Mhandisi_Dom (mleta mada)

Wakuu, habari za wakati huu.

Mimi ni mhandisi ujenzi, nipo Dodoma, nina miaka saba saiti. PMI (taasisi ya kimataifa ya usimamizi wa miradi) wamekubali maombi yangu ya PMP, cheti chao cha umeneja wa miradi, wiki iliyopita na nimepanga kukaa kwenye mtihani kabla ya mwisho wa Juni 2024. Zile saa 35 za darasa wanazozidai nilishazimaliza mwaka jana kwenye mafunzo ya ofisini, kwa hiyo hapo sina deni.

Nimekwama kwenye vitabu. Kila ninayemuuliza ananitajia kingine. Mmoja ananiambia nisome PMBOK (mwongozo wa PMI wa usimamizi wa miradi) toleo la 6, mwingine anasema la 6 limepitwa na wakati, shika la 7. Kuna anayeapia kitabu cha Rita Mulcahy, na kuna anayesema asingefaulu bila kozi ya Andrew Ramdayal na maswali ya mazoezi ya mtandaoni ya Study Hall. Rafiki yangu amenipa bure Head First PMP, toleo la 4 la 2018, bado liko kwenye hali nzuri.

Bajeti yangu haizidi laki tatu. Natoka kazini saa 12 jioni, nikijitahidi napata saa mbili kwa siku. Kwa hali hiyo mngenunua nini, na mngeacha nini? Naomba waliofanya baada ya 2021 ndio watangulie.

---

BintiMwambao

Kaka Mhandisi, hongera kwa kukubaliwa. Nilifanya Novemba 2023 hapa Muscat, nikatoka na Above Target (alama ya juu kabisa) kwenye nyanja zote tatu za mtihani. Nakueleza nilichopitia ili usipoteze miezi miwili kama nilivyoipoteza mimi.

PMBOK si kitabu cha kujiandalia mtihani. Ni kitabu cha rejea. Toleo la 6, la 2017, lina kurasa 756, maeneo 10 ya maarifa na michakato 49, kila mchakato na vinavyoingia, zana na vinavyotoka. Mimi nilikaa nikakariri yote 49. Nilibandika karatasi jikoni, nikipika nasoma. Siku nilipojipima kwa mara ya kwanza nikapata asilimia 54, na nililia.

Swali lililonifungua macho lilikuwa na sura kama hii (nimelitunga upya kwa maneno yangu):

*Mradi ni wa mseto (sehemu imepangwa yote mwanzoni, sehemu ni ajaili, yaani inafanywa kwa vipande vifupi). Katikati ya sprinti (kipande kimoja kifupi cha kazi) mteja anampigia simu mwanatimu moja kwa moja na kumwomba aongeze kipengele kipya. Mwanatimu ameshaanza kukifanyia kazi. Meneja wa mradi afanye nini kwanza?*

*A. Awasilishe ombi la mabadiliko kwa bodi ya kudhibiti mabadiliko.*
*B. Amwamuru mwanatimu aache mara moja na kumripoti kwa mkuu wake wa idara.*
*C. Azungumze na mwanatimu aelewe kilichoombwa, kisha ombi lipelekwe kwa mmiliki wa bidhaa lipangiwe nafasi kwenye orodha ya kazi.*
*D. Alipeleke suala kwa mdhamini wa mradi.*

Mimi na karatasi zangu za jikoni tukachagua A. Jibu ni C. A ingekuwa sawa kama mradi ungekuwa wa mpango kamili wa tangu mwanzo, lakini swali limetaja sprinti, na limesema "kwanza". B na D zinamruka mtu aliye mbele yako. Hakuna mchakato hata mmoja kati ya ile 49 ungenisaidia pale. Kilichotakiwa ni kujua meneja mwenye busara anaanzia wapi.

Na mtihani wenyewe tangu Januari 2021 hadi mwaka huu wa 2024 umejengwa hivyo: asilimia 42 ni watu, 50 ni michakato, 8 ni mazingira ya biashara, na karibu nusu ya maswali yanahusu ajaili au mseto. Kwa hiyo usiulize "kitabu kipi ni bora". Jiulize wewe umepungukiwa na nini. Mhandisi wa saiti ratiba na gharama anazijua. Nina hakika kinachokupungukia ni ajaili na namna PMI wanavyotaka ufikiri. Hapo Ramdayal ndiye mwalimu: anafundisha ile fikra ya kujibu, polepole, kwa lugha nyepesi. Baada ya hapo Study Hall, maana maswali yake yanatoka kwa PMI wenyewe.

---

Kamau_QS

Dada BintiMwambao ameeleza vizuri, lakini nitamtetea Rita kidogo.

Nimefanya Nairobi mwaka wa 2022. Mimi ni mkadiriaji majenzi na nilidhani kama wewe kwamba gharama nazijua. Nilichogundua ni kuwa nilijua kuzipiga hesabu, sikujua kuzisoma. Rita anakukalisha chini. Kila sura ina mazoezi unayojaza kwa kalamu, na ule mchezo wake wa chati ya michakato unakufanya uone mradi mzima umekaaje, kipi kinatangulia kipi, na kwa nini. Hutakariri, utaelewa.

Mfano wa thamani iliyozalishwa. Mradi wa visima 10, kila kisima shilingi milioni 20, kisima kimoja kwa mwezi. Bajeti yote ni milioni 200. Mwezi wa tano umekwisha: ulipaswa kuwa na visima 5, yaani thamani iliyopangwa ni milioni 100. Vimekamilika 4, thamani iliyozalishwa ni milioni 80. Fedha zilizotoka ni milioni 100. CPI, kipimo cha gharama (thamani iliyozalishwa kwa fedha zilizotoka), ni 80 kwa 100, sawa na 0.8. SPI, kipimo cha ratiba (iliyozalishwa kwa iliyopangwa), nayo 0.8. Ukiendelea hivyo hivyo, mradi utakula 200 kugawa kwa 0.8, yaani milioni 250.

Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la saba ataifanya. Lakini mtihani hauishii hapo. Utakuambia CPI ni 0.8, SPI ni 1.2, mdhamini ana wasiwasi: ufanye nini? Uone mara moja kwamba mko mbele ya ratiba lakini mnachoma fedha, kwa hiyo kuongeza watu ni kuongeza moto. Rita ndiye aliyenifundisha kusoma namba namna hiyo.

Kasoro zake: ni kinene, ni ghali, na lugha yake ni nzito kwa mtu anayefungua kitabu saa 2 usiku akiwa amechoka. Ukikinunua hakikisha ni toleo la 10 au la 11. Ya chini ya hapo yaliandikwa kwa mtihani wa zamani.

---

MzeeWaRatiba

Vijana, hamjambo. Mimi nilifanya 2014, wakati ule maswali 200 kwa saa nne. Mleta mada ameomba waliofanya baada ya 2021, nami sitamchagulia kitabu. Nasemea mawili tu.

Kwanza, hicho Head First cha 2018. Ni kitabu kilichoandikwa kwa upendo, picha nyingi, kinachekesha, na mtu asiyejua lolote kuhusu miradi atakifurahia. Lakini kilitoka kabla mtihani haujabadilishwa. Kisome wikendi moja kama utangulizi, kisha mrudishie mwenyewe.

Pili, kuna makundi ya WhatsApp yanayouza "maswali halisi ya mtihani". Kijana niliyekuwa namsimamia alinunua huko. Maswali yalikuwa ya zamani, majibu mengi yamekosewa, na alikuwa ameshayameza. Ilitubidi tukae miezi mitatu kuyafuta kichwani. Zaidi ya hayo, PMI wana kanuni za maadili unazotakiwa kuzifuata. Huwezi kuanza taaluma kwa kuvunja kiapo chake.

---

Neema_Kgm

Shikamoo mzee. Wakuu, samahani kwa kuingilia. Mimi nafanya kazi kwenye shirika huku Kigoma, nina mwaka mmoja na nusu tu wa kusimamia miradi. Na mimi ninunue hivi vitabu?

---

Kamau_QS

Neema, PMP bado. Mwenye digrii anatakiwa miezi 36 ya kuongoza miradi, asiye nayo miezi 60. Angalia CAPM, cheti cha PMI cha wanaoanza, haidai uzoefu, inadai saa 23 za mafunzo tu, na baadaye ukija PMP inakuondolea zile 35. Na kwa kuwa upo kwenye mashirika, pakua mwongozo wa Project DPro (zamani uliitwa PMD Pro) kutoka PM4NGOs, shirika la usimamizi wa miradi ya mashirika yasiyo ya kiserikali. Ni bure, na mifano yake ni ya miradi ya misaada, utajiona mle ndani.

---

BintiMwambao

Shikamoo ya mzee siiitikii mimi, ila namuunga mkono kwa yote mawili.

Kaka Mhandisi, nirudi kwenye laki tatu zako. Kabla hujalipia mtihani, jiunge uanachama wa PMI. Mwanachama analipia mtihani kwa bei ndogo na ile tofauti inafidia ada ya uanachama. Halafu unapakua PMBOK bila kulipa tena, toleo la 7 likiwemo. Hilo la 7 ni jembamba zaidi: kanuni 12, nyanja 8 za utendaji. Zile kanuni 12 zisome mara mbili. Usitafute humo michakato, huikuti. Pakua pia Agile Practice Guide, kijitabu cha 2017 walichoandika pamoja na Agile Alliance. Kwangu hicho kijitabu kina faida kwa kila ukurasa kuliko PMBOK zote mbili, hasa kwa mtu aliyekulia kwenye zege na nondo.

Study Hall ina ngazi mbili, kwa bei za mwaka huu wa 2024. Essentials ni dola 49, ina mitihani kamili miwili. Plus ni dola 79, ina mitano. Kwako Essentials inatosha. Kozi ya Ramdayal ipo Udemy, tovuti ya kuuza kozi, na huko punguzo halikauki, usinunue siku isiyo na punguzo. Maswali ya ajaili utayapata bure YouTube kwa David McLachlan, ana video ndefu ya maswali 200 na anaeleza kila jibu, lile sahihi na yale yaliyokosewa. Pakua usiku bando likiwa nafuu.

---

Mhandisi_Dom

Nimesoma yote mara mbili, asanteni sana. Nilinunua Essentials juzi nikajaribu maswali ya mwanzo. Nimepata asilimia 61. Kuna mengine yameandikwa "Expert", nimekosa karibu yote, na hata nikisoma maelezo siridhiki. Nimeanza kuogopa. Niahirishe?

---

BintiMwambao

Usiahirishe. 61 kwa kuanza si haba, mimi nilianza na 54. Yale ya Expert yaweke pembeni, piga hesabu ya alama zako bila hayo uone. Mimi siku moja kabla ya mtihani nilikuwa naangukia kati ya 70 na 75 kwa jumla.

Kilichonivusha ni daftari. Kila swali nililokosa niliandika sentensi tatu kwa mkono: nilichagua nini, kwa nini nilidhani ni sahihi, na neno gani kwenye swali nililipita. Baada ya wiki mbili nikaona nakosea kitu kilekile. Nilikuwa nakimbilia kwa mdhamini kila pakiwa na mgogoro! Kati ya makosa 40, 17 yalikuwa hayo. Hakuna kitabu kingeniambia hilo, maana ni kosa langu mimi. Wewe lako utalikuta kwako.

Andika kwa Kiswahili ukitaka. Mimi niliandika kwa Kiswahili na nikaelewa haraka zaidi.

---

Kamau_QS

Naongeza la muda. Mtihani wa sasa, 2024, ni maswali 180, dakika 230. Ni sekunde 76 hivi kwa kila swali. Kuna mapumziko mawili ya dakika kumi, baada ya swali la 60 na la 120, na ukishaingia mapumziko huwezi kurudi nyuma. Kwa hiyo mitihani miwili ya Study Hall usiimege vipande. Kaa siku ya Jumapili asubuhi, simu izimwe, ufanye wote kwa mkupuo. Mimi nilichoka swali la 130, macho yakawa yanasoma bila kichwa kuelewa. Afadhali ilinitokea nyumbani.

Na kama una uwezo wa kufika kituo cha mtihani, nenda kituoni. Jirani yangu alifanyia nyumbani, mtandao ukakatika swali la 90 na kitu, akahangaika na wahudumu karibu saa nzima kabla ya kurudishwa. Alimaliza, lakini moyo ulikuwa umeshatoka.

---

MzeeWaRatiba

Marahaba Neema, nilichelewa kukuitikia.

Mhandisi, kitabu cha Rita usinunue. Ninacho toleo la 10, alikuwa nacho binti yangu, ameshafaulu. Nipo Morogoro, nitakiweka kwenye basi la asubuhi uniambie ukipokee wapi. Soma sura ya gharama, ya ratiba na ya vihatarishi, halafu ukifaulu mpe Neema.

---

Mhandisi_Dom

Mzee, sina la kukulipa, Mungu akuzidishie. Nitakipokea Nane Nane stendi, nakutumia namba ya simu faragha.

Basi mpango wangu ni huu: kozi ya Ramdayal hadi katikati ya Aprili, huku nasoma Agile Practice Guide kidogo kidogo. Mei yote ni maswali na daftari, na Rita nitamfungua pale tu daftari litakaponionyesha nimepwaya. Mtihani nimeuwekea tarehe 15 Juni, Dar, kituoni. Daftari nimenunua leo.

---

BintiMwambao

Jumamosi saa 3 usiku ya kwenu, huku itakuwa saa 4, watoto wamelala. Leta maswali kumi uliyokosa, tuyapitie pamoja. Neema naye aje asikilize.

---

Neema_Kgm

Nitakuwepo dada.